Kabla hujapiga hema kwenye kilima cha watu

Naanza na aibu yangu mwenyewe ili mjue siandiki hapa kama malaika. Mwaka wa pili tangu nianze kuzungusha wageni huku Mbale na Sipi, mashariki mwa Uganda, nilikuwa na vijana wanne kutoka Eldoret, mvua ilitushika njiani, giza likaingia, tukaona kasehemu tambarare juu ya barabara, nyasi laini, hakuna taa ya nyumba karibu, tukasema basi hapahapa. Hema mbili, moto, posho na maharage, tukalala kama magogo. Saa kumi na mbili asubuhi nasikia mtu anakohoa nje, ile kohoa ya kukuambia nimefika. Nafungua zipu naona gambuti, alafu jembe, alafu bibi mmoja wa rika la nyanya yangu ananiangalia bila neno. Hakufoka. Aliinama akainua pembe ya hema langu na chini yake kulikuwa na miche ya vitunguu, mstari mzima, imelala imesagika kwenye tope. Zile nyasi laini tulizozifurahia usiku zilikuwa matandazo, alizitandaza mwenyewe juu ya kitalu ili jua lisikaushe udongo, na sisi tukaona godoro.

Alafu akaniambia njoo. Tukashuka hatua kama hamsini, kuna chemchemi inatoka kwenye jiwe, watoto watatu wanasubiri na majerikeni yao ya njano, na juu ya ile chemchemi kabisa, kwenye vichaka, karatasi zetu za choo zimetapakaa nyeupe kila mahali. Watu watano tulikuwa tumechimba dawa juu ya maji ya kijiji kizima na usiku mvua ikanyesha. Tulilipa miche, tukaokota karatasi moja moja kwa mikono huku watoto wanatazama, na yule kukhu (ndivyo huku wanavyomwita nyanya) akasema kitu kimoja tu kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Si ungeuliza, ningekuonyesha pa kulala."

Kwa hiyo haya ni ya mtu anayetaka kulala nje Uganda, awe na pikipiki, baiskeli, gari ama miguu yake tu, na hataki kuamshwa na jembe.

Pori la bure halipo

Hili lifute kichwani kabla hujafunga begi. Wageni wangu wengine wanatoka nchi ambazo sheria inawaruhusu, kwa mfano Norway unaweza kulala kwenye ardhi isiyolimwa mradi uwe mita 150 kutoka nyumba ya mtu, na Scotland wana sheria ya 2003 inayokupa haki ya kupita na kulala ukijiheshimu. Na hata huko mambo yaliharibika, kule Loch Lomond takataka na moto vilizidi mpaka tangu 2017 sehemu nyingi za kando ya ziwa zinataka kibali kuanzia Machi hadi Septemba. Sasa hapa kwetu hiyo haki haipo kabisa. Katiba ya 1995 kifungu cha 237 inasema ardhi ni ya raia wa Uganda, sio ya serikali, manake hicho kichaka unachokiona kina mtu na huyo mtu ana jina na pengine anakuangalia sasa hivi.

Shida ni kujua ni nani. Kaskazini na Karamoja na hata huku kwetu ardhi nyingi ni ya kimila, ya ukoo, hakuna hati, mpaka ni mti ama jiwe ambalo wazee wanalijua. Ukienda Buganda ndio kuna mailo, ardhi ya hati iliyotokana na mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Waingereza, na hapo watu wengi wanapotea. Unaweza kupiga simu kwa tajiri wa Kampala mwenye hati akakwambia lala tu hakuna shida, ukafika ukakuta kuna familia ina kibanja pale (sehemu wanayokaa na kulima bila hati) tangu babu yao, migomba ni yao, makaburi ni yao, na wao hakuna aliyewauliza. Sheria ya ardhi ya 1998 inawalinda hao wa kibanja. Mimi siku zote namuuliza anayelima, huyo mwenye hati ni ziada, kwa sababu hema halitakanyaga hati, litakanyaga maharage.

Misitu ya hifadhi iko chini ya NFA, mamlaka ya misitu ya taifa, kama Mabira pale barabara ya Jinja unaenda ofisini kwao Najjembe unalipia unaonyeshwa pa kulala. Mbuga zote kumi za taifa ni za UWA, mamlaka ya wanyamapori, na sheria ya wanyamapori ya 2019 inafanya kuingia bila kibali kuwa kosa, na askari wa mbuga akikukuta usiku ndani ya msitu wa mlima Elgon hatafikiri utalii, atafikiri unapasua mbao ama unawinda. Lipa, chukua risiti. Hela unayompa mtu mkononi bila risiti itakulinda mpaka zamu yake iishe.

Kuomba ruhusa kwenyewe

Fika mapema, hiki ndicho kitu kikubwa kuliko vyote. Saa kumi jioni uwe umeshaanza kutafuta, saa kumi na moja uwe unaongea na mtu. Ukianza saa moja usiku na tochi kichwani wewe ni mwizi mpaka ithibitishwe vingine, na sisemi kwa utani. Mwaka 2021 upande wa Masaka wazee waliuawa usiku majumbani na watu wenye mapanga, bijambiya, na tangu hapo kuna vijiji mtu akiona mwanga asioujua anapiga enduulu, yowe la hatari, na kijiji kizima kinatoka na marungu. Hawatakuuliza unatoka kempu gani.

Muulize mtu wa kwanza unayemkuta, mama anayechota maji ama kijana wa boda, chemani (mwenyekiti) wa LC1 anakaa wapi. LC1 ndio serikali ya kijiji, na kila mtu anajua nyumba yake. Shuka kwenye pikipiki kabla hujafika uani, vua kofia ya helmeti, sura yako ionekane. Salimia na usiharakishe, huku salamu peke yake inaweza kula dakika tano na hizo dakika tano ndizo wanakupima.

Na hapa nitawaambia jambo wenzangu wa Kiswahili, hasa mnaotoka Kenya na Tanzania. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu katiba ibadilishwe 2005, sawa, lakini mzee wa Luweero alikisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mwanajeshi, miaka ya Amin na baadaye wakati wa vita vya 1981 mpaka 1986, na yule aliyekiongea hakuwa amekuja kuomba. Ukimtokea jioni na "mzee habari" yako nzito ya Nairobi utamuona anarudi nyuma hatua moja. Anza na lugha yake hata kama ni neno moja. Buganda sema "Osiibye otya ssebo" ama "nyabo" kama ni mama, na ukiweza kuchuchumaa kidogo unapomsalimia mzee hutapungukiwa kitu. Ankole "Agandi", Busoga "Kodheyo", Acholi "Kopango", Teso "Yoga", huku kwetu Bugisu "Mulembe" inatosha kufungua mlango. Ukishacheka naye ndio uingize Kiswahili, na West Nile na Acholi hata huna haja ya kuogopa, wengi wanakiongea vizuri pengine kukushinda.

Sema ukweli wote kwa mkupuo mmoja: nyinyi ni wangapi, mnatoka wapi mnaenda wapi, usiku ni mmoja, mnaondoka saa ngapi, mna hema na chakula chenu. Toa kitambulisho kabla hujaombwa. Chemani akitaka kuandika majina kwenye daftari furahi, hilo daftari ndilo bima yako. Pengine atampigia katibu wa ulinzi wa kijiji aje awaone, sawa, aje, afadhali awaone na mwanga.

Alafu mwombe akupeleke kwa mwenye shamba, na huyo ndiye muulize maswali matatu ambayo mimi siku hizi siwezi kulala bila kuyauliza. Maji mnayokunywa yanatoka wapi? Nini kimepandwa ambacho mimi sikioni? Na wapi hapakanyagwi? Ndio maana mimi kuomba ruhusa sikuoni kama kuomba karatasi. Yule mtu ana ramani yote kichwani na wewe huna hata kipande, na hasara nyingi nilizoona zinafanywa na watu wa hema sio za ubaya, ni za kutojua tu. Kitalu kinafanana na nyasi. Kaburi la zamani huku ni mawe matatu kwenye migomba. Kuna mti mkubwa mzuri wa kivuli ambao wewe unaona pa kufunga hamoki, kumbe ukoo wanatambikia hapo.

Kuhusu pesa, wengine hawataki hata senti, ukiwatajia mapema unawaaibisha kama wamekukaribisha kama mgeni. Mimi nabeba sukari kilo mbili, sabuni, majani ya chai, nampa mama wa nyumba siyo mzee, na asubuhi nikiondoka namuachia mwenye shamba shilingi za Uganda elfu kumi ama ishirini kwa kila hema namwambia ni ya daftari za watoto. Sipi ni tofauti, pale ardhi yote inayozunguka maporomoko ni mashamba ya watu na wamezoea watalii, ada iko wazi, ulizia na ulipe, na usianze kuhubiri kwamba maji ni ya Mungu. Maji ni ya Mungu, njia ya kushukia imelimwa na Mungu na Chemutai mwenye shamba.

Pa kuweka hema

Kwenye mlima kumbuka hili: kila sehemu tambarare kuna mtu aliitengeneza. Mlima hauna tabia ya kujilaza wenyewe. Kama ni sawa basi ni ngazi ya shamba, ama uwanja wa kuanika kahawa, ama kitalu, ama palikuwa na nyumba. Omba uani, pembeni ya nyumba, utalala na kuku lakini utalala. Na msimu wa mvua usikae chini ya mteremko mkali hata kama mwenyeji anasema hakuna shida, udongo wa Elgon ukishiba maji unashuka na kila kitu, Bududa Machi 2010 uliwafukia watu wengi sana na haujaacha kushuka tangu hapo.

Kando ya ziwa na mto usishikamane na maji. Kuna kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinazotenga mita 200 kutoka maziwa makubwa kama Victoria na mita 100 kutoka mito mikubwa kama Nile, hazikuandikwa kwa ajili ya hema la usiku mmoja ila sababu yake ni ileile, yale matete na nyasi za ukingoni ndiyo yanayochuja tope na humo samaki wanazalia, ukiyakanyaga na magurudumu ukatengeneza njia, mvua inayofuata inaifanya mfereji. Na kiboko anatoka kula nyasi usiku, ukiwa kati yake na maji hana breki.

Mapangoni usilale. Najua Elgon mapango yapo na yanavutia, mvua haiingii, picha inatoka vizuri. Kitum, upande wa Kenya wa mlima huuhuu, watu wawili waliopita humo 1980 na 1987 waliugua homa ya virusi ya Marburg wakafa, na mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi aliupata ugonjwa huohuo baada ya kuingia pango la chatu kule msitu wa Maramagambo, magharibi mwa Uganda, popo wa matunda wamejaa humo. Mimi pango naliangalia kwa mlangoni.

Usiku mmoja sehemu moja. Hema likikaa siku tatu nyasi chini yake zinageuka njano na udongo unakuwa mgumu kama wa njiani, kwa mfugaji wa Kiruhura hicho ni chakula cha ng'ombe. Na gari liache barabarani kama ardhi ni mbichi. Kule kwa wafugaji pia geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi, na kama wilaya imewekewa karantini ya ugonjwa wa midomo na kwato usizunguke kutoka kraali moja hadi nyingine na tope kwenye viatu, utakuwa unawagawia.

Na mpaka wa magharibi, jamani, huko mambo ya vichaka yaache. Oktoba 2023 watalii wawili na dereva wao waliuawa ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth. Huko lala kwenye kempu zenye geti na askari, basi.

Moto

Beba jiko la gesi. Najua moto wa kuni ndio raha yenyewe ya safari lakini hesabu hivi, huku karibu kila nyumba inapikia kuni ama makaa, mtoto anatembea kilomita kutafuta mzigo ambao wewe unauchoma kwa saa mbili ukipiga stori. Ukitaka moto nunua kuni kwa mwenyeji na uwashe kwenye mafiga yake, usianzishe duara jipya jeusi shambani, pale palipoungua patachelewa kuota. Mara nyingi wanakukaribisha jikoni kwenyewe na hapo ndipo stori nzuri zilipo. Acholi na Lango usiguse mti wa shea hata tawi lililokauka bila kuuliza, yaa wanauita, unangoja miaka kama ishirini kabla ya kuzaa, na mafuta yake ndiyo ada za shule. Hasira za kukata miti kwa ajili ya makaa huko ni kubwa mpaka Mei 2023 ikatoka amri ya rais kuzuia makaa ya biashara, kwa hiyo ukionekana na panga na rundo la kuni usishangae ukiulizwa.

Desemba mpaka Februari nyasi za Karamoja ni petroli. Hapo hata gesi iwashe kwenye udongo mtupu na jerikeni la maji liwe pembeni.

Choo na kaveera

Omba choo cha nyumba, hata kama ni shimo na pazia la gunia. Usione aibu, mwenye nyumba anaona afadhali mara mia kuliko kukuokota kesho kwenye migomba. Kama kweli hakuna, chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, hatua sabini kutoka maji yoyote na uwe upande wa chini wa chemchemi siyo juu, fukia. Karatasi weka kwenye mfuko urudi nayo. Zile tishu za maji ndio kabisa, zina plastiki, haziozi leo wala mwakani. Na usiogee mtoni na sabuni, chota maji ukaogee mbali kwenye nyasi.

Kaveera, ile mifuko ya plastiki, nitaisema mara moja. Ng'ombe anaifuata kwa sababu ya chumvi ya chipsi iliyobaki ndani, anaimeza, inakaa kwenye tumbo la kwanza haitoki mbele wala nyuma, zinajikusanya moja baada ya moja mpaka anaacha kula. Nilishuhudia mchinjaji mmoja akifungua tumbo la namna hiyo, alitoa fundo kubwa kama mpira wa miguu, ndani yake bado unasoma maandishi ya pakiti ya mkate. Ng'ombe huyo alikuwa wa mjane. Beba gunia moja, weka kila kitu, ondoka nalo mpaka mjini.

Ukikataliwa

Sema asante, usibishane, uliza tu kama anajua pengine. Mara nyingi anayekataa anakuelekeza shule, kanisa, msikiti ama kituo cha polisi, na uani kwa kituo cha polisi nimelala mara tatu, usingizi wa kwanza kabisa. Shuleni muone hedimasta. Na kama ni mwaka wa shufwa kuanzia Agosti huku Bugisu ni msimu wa imbalu, tohara ya kimila, vijana wanacheza vijijini na ngoma usiku kucha, watakuruhusu kwa furaha sana ila hutalala, hiyo nakuonya kama rafiki.

Spika ya muziki zima saa tatu. Na picha za mahali piga, ila lokesheni usiitupe mtandaoni. Kuna kilima kimoja hapa jirani mtu aliweka pini, miezi miwili baadaye wikendi moja zilikuja pikipiki kumi na nne, mwenye shamba ambaye alikuwa anakaribisha kila mtu akazungushia seng'enge. Hakuna aliyemuuliza, wote walisema wameambiwa ni bure.

Asubuhi kabla hujaondoka muite mwenyeji mzunguke pamoja pale mlipolala, yeye atangulie. Nyanyua nyasi zilizolala kwa mkono, okota pegi, okota hata vipande vya viberiti. Chukua namba yake ya simu, na ukifika unakoenda mpigie.

Yule kukhu wa vitunguu namba yake ninayo mpaka leo, ni ya mwanawe. Msimu uliopita nilikuwa na wageni sita nikampigia, akasema waje, pa kulala papo, lakini siyo pale nyuma ya mwembe mlipolala Januari, nyasi bado hazijarudi, safari hii mtalala upande wa ng'ombe.